Tundu la Katikati

Nyanzobe haniulizi nataka mlio gani.
Anauliza: ukumbini mnachomeka wapi?
Namwambia, pale Igogo, soketi moja,
majokofu mawili ya bia
na mashine ya barafu ya jirani.
Anacheka puani.
"Basi wewe unapiga jokofu, hupigi gitaa."

Kweli. Miaka kumi na moja mvumo ule
umekaa chini ya kila wimbo wangu
kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kibandani kwake Mabatini husukwa mota za pampu.
Shaba mpya imejikunja kwenye vigurudumu
mithili ya nywele zinazosubiri msusi.
Leo ametandika kitambaa, na juu yake
pikapu tatu za kutumia betri
(si zile za kubeba mchanga, mama alishauliza),
nyeusi tii, hazina meno, hazina skrubu.

"Hii sumaku yake kauri. Kaa nayo nyuma, kwenye daraja.
Inakata. Solo ikichemka hutaitafuta.
Hii ni alniko, ya shingoni,
inaongea kama mtu aliyeshiba ugali wa udaga."

Na ya katikati?

"Katikati ndiko watu wanakopotezea hela."

Nina laki mbili na nusu mfukoni.
Themanini ni za Kwandu, mpiga besi, ambaye hajui.
Naishika ile ya tatu, nyembamba, ya koili moja.
Nawaza shingo na katikati zikilia pamoja,
ule mlio wa maji ndani ya chupa
ambao rithimu huutamani.
Nawaza kauri mbili, mbele na nyuma, ukumbi usimame.
Nawaza alniko mbili, wazee wasiondoke mapema.
Nachora swichi kwenye vumbi la kaunta:
moja, mbili, tatu, nne, tano,
nafuta kwa kiwiko, nachora tena.

"Na nikiiacha ile yangu ya zamani, hapo katikati?"

"Ya betri na isiyo na betri hazikai kibao kimoja.
Hizi zinataka poti ndogo, ile inataka kubwa.
Moja itanuna, nyingine itafoka.
Hujawahi kuoa wake wawili?"
Sijaoa hata mmoja.
"Basi anza na amani."

Risasi ikayeyuka, moshi ukapanda hadi kwenye kope zake.
Kauri nyuma. Alniko shingoni.
Betri ya mraba mgongoni, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Tundu la katikati akaliziba
kwa kipande cha ndoo ya bluu.
Sikuomba bluu.
"Ukimaliza, chomoa waya. Ukiuacha,
betri inaliwa usiku kucha na wewe umelala."

Chumbani, kati ya mawe yale yaliyobebana,
nikawasha amplifaya. Kimya.
Nikadhani imekufa. Nikapiga kofi spika.
Nikasikia mbwa wa ng'ambo ya bonde,
nikasikia maji yakidondoka kwa jirani.

Kisha nikagusa uzi,
na yote niliyoyaficha yakatoka nje mchana kweupe:
kidole cha pete kinachochelewa,
kodi ya nne ninayoimeza nusu,
mkato wa kurudi, ambao
tangu nijue gitaa sijawahi kuupiga sawasawa.
Kumbe mvumo ulikuwa ukinisitiri.
Shuka chakavu, lakini shuka.

Jumamosi, kati ya wimbo na wimbo,
mteja mmoja wa meza ya pembeni akainua uso.
"Umeme umekatika?"
Taa zilikuwa zinawaka.
Kwandu akanitazama, akatazama bluu,
akaanza kuhesabu kitu kwa vidole.

Nikasukuma swichi hadi shingoni.
Nikaupiga ule mkato ninaoukosea,
polepole, mbele ya watu,
bila jokofu.